Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Mtaalamu alikuja kwenye semina na bango kitita la makaratasi makubwa ya kufunua, kalamu nene za rangi, na makofi. Nayataja makofi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe, hayo mengine yalikuwa mapambo. Tulikaa walimu wa shule yetu na za jirani, watu wazima wenye watoto na wengine wenye wajukuu, tukafundishwa kupiga makofi ya mvua. Unaanza na kidole kimoja kwenye kiganja, unaongeza cha pili, unaongeza cha tatu, mpaka mvua inanyesha. Kisha makofi ya treni. Kisha makofi ya maua, ambayo mpaka leo sijaelewa yana tofauti gani na kufukuza nzi. Mtoto akijibu sawasawa apigiwe. Akikosea, naye apigiwe, kwa kuthubutu. Hizo ndizo mbinu fanisi za kufundisha sanaa, alisema, na mtoto yeyote asitoke darasani bila kusifiwa.

Wenzangu waliandika. Waliandika hata maua.

Wakati wa chai nilimsogelea, maana mimi si mtu wa kusengenya kabla sijauliza. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakaribia kusimama yenyewe, na anakuita "mshiriki mpendwa" hata mkiwa wawili tu kwenye birika la chai. Nikamwuliza, "Bwana, wewe mwenyewe unapiga nini? Ngoma, zeze, filimbi?"

Akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto. "Mimi, madamu, ni mtu wa mbinu."

Mtu wa mbinu. Nikarudi kwenye kiti changu nikamaliza andazi langu, maana andazi lilikuwa na ladha kuliko mazungumzo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kabla yake sanaa ilikuwa inafundishwa. Katika shule nyingi nilizopita, kipindi cha sanaa ni kipindi cha mwalimu kupumzika. Anaingia, anachora kikombe ubaoni, anasema, "Chora kikombe," anakaa, anasahihisha madaftari ya Kiswahili au anajibu simu. Watoto arobaini na kitu wanachora kikombe kimoja, mkono wa kikombe upande wa kulia, kwa sababu ubaoni uko kulia. Aliyeuweka kushoto anakosa. Nimeona mwalimu, mwenye cheti chake kabisa, akimkosesha mtoto aliyechora kikombe chenye ufa. Mtoto akajieleza kwamba kwao kikombe kina ufa. Akaambiwa achore cha ubaoni. Mtaalamu alichoongeza ni kwamba sasa huyo wa kikombe cha ubaoni apigiwe mvua.

Mimi ni mtu wa mjini Tabora. Kwetu wanaume ni maseremala na wanawake hushona kofia, na tulilelewa kuamini kwamba ngoma ni mambo ya watu wa mashamba. Kazi ya kwanza nilipangiwa shule moja ya Igunga ndani, mbali na lami, ambako mpunga ukishavunwa na pamba ikishauzwa watu wanacheza. Siku ya kwanza nilidhani ni vurugu. Vikundi viwili, uwanja mmoja. Huku wanacheza ngoma ya majembe, wanayarusha na kuyadaka. Kule wengine wanacheza yao, na manju wao anaimbisha mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Wote kwa wakati mmoja. Ukisimama katikati husikii neno.

Nikamwuliza mama mwenye nyumba yangu kwa nini hawapokezani kistaarabu. Akanitazama kwa huruma. "Wakipokezana, mwalimu, utajuaje nani kashinda?"

Kule hakuna jaji wala alama. Watu wanasimama wanakovutwa, na wakichoshwa wanahama. Jua likielekea kuzama, kundi lenye watu limeshinda. Lile lililobaki na mbwa na shangazi zake limeshindwa, na hakuna wa kulieleza kwa sababu limejionea. Msimu mzima linakwenda kujifua. Nilitazama ngoma zile nikasema moyoni, chuoni tulipoteza muda.

Nilipohamishiwa mjini, shule moja si mbali na Kanyenye, nikaja na jambo hilo mkononi. Nilipewa vipindi viwili vya Sanaa na Michezo siku ya Ijumaa, vya mwisho, baada ya watu kutoka msikitini, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyevitaka. Nikaligawa darasa. Kundi moja linakwenda upande wa choo, jingine upande wa geti, wanaobaki wanasimama katikati. Nikipiga filimbi, wote wawili wanaanza. Wa katikati wanakwenda wanakovutwa, na wana ruhusa ya kuhama muda wowote. Siku ya kuchora tulitundika picha kwenye kamba za nguo huku na huku, ikawa vilevile.

Lakini kuhama si ndiyo somo. Somo linakuja baadaye, tukikaa chini. Walioachwa wanawauliza waliowaacha: mliondoka wapi? Na aliyeondoka lazima aseme. Nilipiga marufuku neno "nzuri" na neno "mbaya", anayeyatumia anakaa pembeni. Anatakiwa aseme mahali. Niliondoka pale mlipoanza kuangalia miguu yenu. Niliondoka mwimbaji alipomeza neno la mwisho. Niliiacha picha yenu kwa sababu ng'ombe wote wanatazama upande mmoja, na ng'ombe hawakai hivyo. Ijumaa inayofuata walioachwa wanakuja wameparekebisha pale pale. Watoto wa miaka kumi, kumi na moja. Sijawahi kuona kikao cha walimu chenye maneno ya maana kama yale.

Kulikuwa na msichana mmoja, binti wa wafugaji wa Igunga, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake mjini. Darasani alikuwa hasemi, kwao wanaongea Kisukuma na alikuwa akiogopa Kiswahili chake kuchekwa. Nilimweka kwenye ngoma kubwa. Alipiga kwa nguvu za ajabu, na Ijumaa baada ya Ijumaa kundi lake likaachwa. Akawa anakaa chini amenuna. Siku moja mwenzake akamwambia, "Mimi naondoka wewe ukianza. Unaifukuza sauti ya mwimbaji." Wiki iliyofuata alipiga, akaacha nafasi, akapiga, akaacha nafasi, na mwimbaji akapita katikati. Watu hawakuhama. Kikao kilipoanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na Kiswahili chake, Kisukuma kimo ndani, hakuna aliyekicheka. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja Ijumaa hata akiwa na homa.

Sasa Mtaalamu, baada ya semina yake, alipita mashuleni kuona kama tunapiga makofi. Akafika kwangu Ijumaa. Akasimama na kalamu yake, akaona watoto wanahama kundi moja kwenda jingine, akaona walioachwa wanabaki wanapiga huku wanatazamana. Uso ukamshuka. Akaniita pembeni. Akasema hii inaumiza watoto kisaikolojia. Akasema mtoto anayeachwa anapoteza kujiamini. Nikamwambia, "Bwana, subiri dakika chache wakae chini, usikilize wanavyoambiana." Akatazama saa. Alikuwa ameshaona vya kutosha. Watu hawa huwa wameona vya kutosha kabla somo halijaanza.

Kutoka hapo jambo likapanda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba. Anatoka mkoa wa mbali, aliletwa huku kupandisha ufaulu, na hisabati ilikuwa inamnyima usingizi. Vipindi vyangu vya Ijumaa alikuwa anavitazama kwa jicho la mtu mwenye njaa. Akaniita ofisini, akanieleza vizuri tu. Mgeni rasmi anakuja, bwana mkubwa wa mambo ya elimu. Atatazama somo la mfano la Mtaalamu, na langu. Akipenda langu, vipindi vya Ijumaa vinabaki na shule nyingine zitakuja kujifunza kwetu. Akipenda la Mtaalamu, basi. Somo la Mtaalamu halihitaji uwanja wala ngoma, nusu saa darasani siku ya Jumatatu inatosha, na Ijumaa itakuwa ya hisabati.

"Umenielewa, mwalimu?"

Nilimwelewa. Nikaenda nikawaambia watoto vilevile, bila kupamba. Yule msichana akauliza kama ni Ijumaa zote. Nikasema zote.

Siku moja kabla, Mtaalamu alifanya mazoezi na watoto aliopewa hapo hapo shuleni kwetu, nami nilikuwa chumba cha jirani nasikia kupitia dirishani. Mada yake ilikuwa ngoma za asili. Ngoma yenyewe haikuwapo. Ilikuwapo picha ya ngoma kwenye bango kitita, imechorwa vizuri, ina mishale. Taja sehemu za ngoma. Ngozi. Mbao. Kamba. Makofi ya treni. Kisha akawafundisha jambo ambalo nilidhani limekufa na walimu wa zamani. Wote wanyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, ili mgeni aone msitu wa mikono na yeye ajue wa kumchagua. Mtu wa mbinu, kumbe mbinu ndiyo hizo. Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu nikaona uchungu. Watoto wale wale wanaoweza kukuambia ni wapi hasa wimbo ulikufa, leo wanafundishwa kunyoosha mkono wa uongo.

Mgeni alichelewa. Alitakiwa asubuhi, akafika baada ya adhuhuri, na dereva wake hakuzima hata gari kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine Isikizya. Shule nzima imekaa uwanjani tangu asubuhi, jua kali. Mwalimu mkuu akahangaika, akatazama saa, akapata wazo, na wazo lenyewe ni la mtu asiyekaa huku. Akasema ili kuokoa muda masomo yote mawili yafanyike pamoja. Mtaalamu upande wa geti, mimi upande wa choo, mgeni kwenye kiti katikati, ageuze shingo tu.

Nilijua kitakachotokea. Nusu ya watoto wa shule ile wana ndugu Nzega na Igunga, na waliobaki walikwishafundishwa na mimi. Uwanja mmoja, maonyesho mawili, wakati mmoja. Kwa watu wa huku hilo lina maana moja tu. Ningeweza kumwambia mwalimu mkuu. Walimu wenyeji waliokuwa wamekaa pale nao wangeweza, na mmoja alinikonyeza. Nikanyamaza. Nikawaambia watoto wangu wapashe ngozi moto, tukawasha makaratasi, tukazizungusha ngoma juu ya moto mpaka zikalia vizuri. Sijutii kunyamaza.

Tukaanza. Upande wa geti, "Taja sehemu za ngoma." Upande wangu, msichana wa Igunga akapiga, akaacha nafasi, akapiga. Wadogo wa darasa la kwanza ndio waliotangulia kunyanyuka, kwa sababu wao hawajui adabu ya wageni. Kisha darasa la tatu. Kisha safu nzima ya nyuma ikahama, na walimu wa zamu waliokwenda kuwarudisha wakabaki kwetu na fimbo zao kwapani. Mtaalamu akaongeza sauti. Akaitisha mvua, wanafunzi wake wakainyesha, na vidole havisikiki mbele ya ngozi ya ng'ombe. Nikiri, nilifurahi. Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa.

Halafu nikamwona mgeni rasmi. Ni mtu mnene, wa makamo ya juu, na katika salamu zake alikuwa amejigamba kwamba ni mzaliwa wa Nzega. Alianza na bega. Bega moja, lile la mbali na mwalimu mkuu. Kisha akasimama, akasema ananyoosha miguu. Akainyoosha mpaka kwetu. Akasimama nyuma ya watoto wa darasa la kwanza, mikono nyuma, na mwimbaji alipofika kwenye kiitikio bwana mkubwa akaitikia. Si kwa kunong'ona. Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyekulia humo, akabaki hapo mpaka mwisho, wala shingo hakuigeuza hata mara moja kwenda getini. Kiti chake kilikuwa kitupu. Uwanja ule wote upande wa pili ulikuwa mtupu, isipokuwa Mtaalamu, bango lake, na watoto aliowakataza kugeuka.

Watoto wangu walikuwa wameshaanza kurukaruka. Nani angewalaumu? Walihesabu watu, wakamhesabu na mgeni.

Bwana mkubwa akarudi kwenye kiti, akafuta jasho, akavaa miwani, akawa mtu mwingine. Akasimama kuhutubia. Akasema upande wa geti ameona nidhamu, zana, hatua za somo, na ushirikishwaji wa kila mwanafunzi. Ameona mikono yote juu. Upande wa pili, akasema, vipaji vipo na vinatia moyo, lakini wanafunzi walikuwa wanazurura na hakuna kinachopimika. Kwa hiyo anapongeza mtindo wa Mtaalamu na anaagiza uwe mfano. Mwalimu mkuu akapiga makofi, walimu wakapiga makofi, hata yule aliyenikonyeza. Walipiga ya kawaida, nashukuru.

Nilimfuata garini. Mwalimu mkuu alinivuta kitenge, nikakichomoa. Nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umenikumbusha nyumbani, kwa kweli."

"Nimekuona ulivyosimama. Mbona basi umewapa wale?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akanieleza kwa upole, mguu mmoja ndani ya gari. "Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Kule kuna kitu cha kuandika. Hapa kwako nitaandika nini, kwamba nilikwenda kusimama?"

"Ndiyo. Andika hivyo hivyo."

Akacheka, akaingia, wakaondoka kwenda Isikizya. Nimewadharau watu wengi katika kazi hii na wengine niliwaonea, lakini yule namdharau kwa haki. Mtaalamu hajui, ni mtupu tu, mtu hawezi kumlaumu debe tupu. Huyu alijua. Alijua kuliko wote waliokuwa pale uwanjani, alikuja kwa miguu yake, kisha akarudi akatia saini kinyume cha miguu yake.

Nilirudi kwa watoto. Walikuwa wamekaa chini kwa kikao, kama kawaida yetu, wamejipanga wenyewe, wananisubiri. Hawakuwa wameelewa hotuba, au walielewa wakadhani itarekebishwa. Nikawaambia vipindi vimekwenda. Mmoja akasema, "Lakini madamu, watu wote walikuwa kwetu." Nikasema ndiyo, walikuwa kwetu.

Msichana wa Igunga akanyoosha mkono. "Na yule mzee alikuja. Aliondoka wapi? Tulikosea wapi?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Alitaka aambiwe mahali, ili akaparekebishe. Nilikuwa nimewafundisha kwamba siku zote pana mahali.

"Hamkukosea," nikasema. "Alibaki na nyinyi mpaka mwisho. Alirudi kwa sababu ni mwoga."

Akalifikiria hilo. Watoto wa wafugaji hawana haraka ya kujibu. Kisha akauliza, "Na Ijumaa, madamu, wewe utakuwa wapi?"

Ratiba mpya ilikuwa tayari, mwalimu mkuu alikuwa amenipa asubuhi ile kabla mgeni hajafika, imechapwa, na nilikuwa nimeikubali kwa sababu nina watoto wa kusomesha na sikuwa na nia ya kuhamishiwa porini tena.

"Nitakuwa hapa hapa," nikamwambia. "Mimi ndiye nimepangiwa hisabati."

Alinitazama. Akasema, "Haya," ile haya ya huku kwetu ambayo mtu humwambia mwenzake asiye na la kuzungumza naye tena. Akanyanyuka, na wenzake wakanyanyuka mmoja mmoja nyuma yake, nikabaki nimekaa chini uwanjani peke yangu.